Eda Ndani ya Gari

Hakuna watu wanaojua magari kama watu wa mtaa wa Langoni, kwa sababu hawana hata moja. Mji wa Amu, kisiwani Lamu, ni mji wa punda na vichochoro ambavyo watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi, na labda ndiyo maana kila mwanamume anayekaa barazani pale ana fatwa yake kuhusu injini. Kwa hivyo kijana wao Mahir alipovuka kwenda bara akanunua gari la haibridi, gari refu la familia lililotoka Japani likiwa limeshachoka kidogo, baraza nzima ilijua siku hiyo hiyo kwamba amepotea. Gari la injini na umeme kwa pamoja, walisema, ni kama mume wa wake wawili: litakwama njiani likiwaza liende kwa nani.

Halikukwama. Kilichosimama, miaka michache baadaye, ni moyo wa Mahir mwenyewe, akiwa juu ya paa la duka katika mji wa Hindi, huko bara, akifunga sola. Alizikwa Amu siku hiyo hiyo. Mkewe, Hayat, akabaki bara, Mokowe, ndani ya lile gari ambalo ndilo lililokuwa nyumba yao, na ambalo shemeji yake alikuwa ameshalitolea macho kabla udongo wa kaburi haujakauka.

Huyo shemeji, Bwana Uthman, ni mtu wa heshima, na asiyejua hilo humwuliza mwenyewe akaambiwa. Nyumba ya baba yao pale Langoni, yenye mlango wa nakshi na zidaka za kale ukutani, aliigeuza hoteli ya wageni, akakipa kila chumba jina la kifalme. Chumba alichozaliwa Mahir kikawa Chumba cha Sultani, na sultani aliyelala humo zaidi alikuwa mzee mmoja Mjerumani mwenye miguu iliyobabuka kwa jua.

Ada ya Amu ni kwamba binti huozwa pamoja na nyumba yake, na mume ndiye anayehamia. Lakini Hayat ni mtu wa kisiwa cha Ndau, na baba yake alikuwa na mtumbwi, nyavu na minazi kadhaa. Nyumba ya kumpa bintiye mjini angeitoa wapi? Basi Mahir alipooa alirudi kwa kaka yake kuomba chumba chake cha urithi. Uthman hakumjibu faraghani kama ndugu. Aliita wazee, akatandika mkeka, akasema mbele yao wote: "Mahir ana nyumba tayari. Gari yake viti vinalala kama kitanda, ina taa, ina baridi kutushinda sisi sote. Mwenye nyumba adai chumba cha nini?" Wazee wakacheka. Maalim Famau, ambaye ndiye anayesomesha na kuozesha mtaa ule, akasoma Fatiha, haluwa ikaliwa, kahawa ikanywewa, na haki ya mtu ikashuka tumboni pamoja na kahawa.

Mahir hakugombana. Alirudi bara akalaza viti vya nyuma, akatandika godoro, akatundika kanga madirishani, akaanza maisha. Alikuwa fundi wa sola na simu, na kazi ya fundi bara haikai mahali pamoja: wiki hii Mokowe, wiki ijayo Hindi, kisha Mpeketoni, kisha Witu. Walipofika Mokowe waliegesha uani kwa Bi Barka, mjane mmoja mwenye bafu zuri na ulimi mbaya, nao wakimlipa kwa kumchajia simu na kumgandishia barafu.

Gari lile lilikuwa na adabu kuliko watu wengi. Unabonyeza kitufe, taa zinawaka, na husikii kitu. Baridi inaanza kutoka kimya kimya kwa nguvu ya betri kubwa iliyofichwa nyuma. Betri ikipungua, injini inaamka yenyewe, inanguruma kidogo, inaijaza, kisha inalala tena. Hivyo hivyo mpaka asubuhi, na petroli inayonywewa ni kidogo kiasi cha kuyaaibisha majenereta yote ya mjini. Kulikuwa na soketi mbili za umeme ndani, na Mahir aliziunganishia kifaa chake cha kupandisha nguvu ili zikubali friji dogo na birika. Ukiliwasha tu, mwanamke fulani alisema maneno kwa Kijapani kutoka kwenye dashibodi. Mahir alimwambia mkewe kwamba anawatolea salamu, na Hayat hakuacha kumwitikia hata siku moja.

Yeye alikuwa mshonaji wa kofia za vito, zile nyeupe za matundu yanayozungushiwa uzi mmoja mmoja kwa miezi. Mkono wa jasho hauwezi kofia nyeupe. Tone moja tu na uzi unageuka rangi ya chai. Kule Ndau alishona alfajiri peke yake, kabla jua halijawa na hasira. Ndani ya gari alishona saa sita za mchana, upepo wa kaskazi umekufa, watu wengine wakiwa wamejilaza chali sakafuni wakimwomba Mungu awachukue. Kosa la kazi hiyo lilikuwa moja: vipande vya uzi vilivutwa na tundu la feni ya betri, na kila mwezi Mahir alifungua chujio akalisafisha kwa mswaki mkuukuu, akisema, "Hayat, betri hini nayo washaivika kofia." Mwezi huu chujio Hayat alilisafisha mwenyewe, kwa mswaki ule ule, akalia mpaka akashindwa kukirudisha kifuniko mahali pake.

Hitima ilipokwisha kusomwa Bwana Uthman akavuka kuja Mokowe. Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na dereva aitwaye Ryan, kijana wa bara huko mbali aliyeendesha magari ya kukodi. Hayat alikuwa amekaa mlangoni kwa Bi Barka, ametoka kutawadha.

"Bi Hayat, tumekuya kukutwaa," Uthman alisema, akitazama gari badala ya aliyekuwa akisema naye. "Mke wa mtu wa Amu hakai eda ndiani kama mzigo uliokosa boti. Utakwenda nyumbani, ukae kwa heshima. Mahali pako pa tayari."

"Mahali gani?" akauliza Bi Barka, ambaye hakuwa ameulizwa.

"Yuu, darini, pamoja na mama. Kuna upepo."

Upepo ulikuwepo, si uwongo. Kulikuwepo pia tangi la maji, jiko la hoteli na mashuka ya wageni yaliyoanikwa, maana chumba cha mama yake, Uthman alikifanya Chumba cha Malkia, na malkia mwenyewe akampandisha kulala chini ya makuti.

"Na gari?" Hayat akauliza.

"Gari itwaliwe, isije ikaharibika kwa kukaa. Ryan ataiangalia."

Namna ya kuiangalia Hayat aliijua, kwa kuwa Mokowe hakuna siri: wageni wa hoteli wanaokuja kwa barabara walikuwa wakilalamika joto la basi. Mahir alikuwa hajamaliza hata mwezi kaburini, na godoro lake lilikuwa limeshapangiwa watalii. Hayat aliitafuna hasira yake, akajibu taratibu.

"Shemeji, mjane hukaa eda katika nyumba ya mumewe. Nyumba ya mume wangu ni ile pale."

"Gari si nyumba."

"Basi mimi na Mahir tulikuwa tukikaa wapi?"

Uthman hakuona haja ya kujibu mambo ya kike. Alimpa Ryan ishara, na Ryan akaingia mbele, akaukuta ufunguo kwenye kisahani chake, akabonyeza kitufe. Taa zikawaka. Mwanamke wa Kijapani akatoa salamu, na Hayat, kwa mazoea, akaitikia kimoyomoyo. Ryan akangoja mngurumo. Kimya. Akabonyeza tena, taa zikazima. Akabonyeza tena, zikawaka. Akaliwasha na kulizima gari zima namna hiyo mara kadhaa, uso wake ukizidi kuwa wa kitaalamu, kisha akashuka na kutoa ripoti.

"Boss, hii gari imekufa. Battery ya hybrid imeisha, na hiyo kitu huku Lamu huwezi pata."

"Lakini taa zinawaka," alisema Uthman.

"Taa ndio hudanganya watu."

Mtu akiwa amekaa ndani ya gari linalowaka na kuapa kwamba limekufa, wewe mjane wa juzi utamkatizaje? Ryan akafungua boneti, akainama, akaingiza mkono kuchunguza waya kwa makini ya daktari. Betri, ambayo ilikuwa imelipoza gari asubuhi nzima, ikaona sasa inahitaji chakula, na injini ikaamka kwa nguvu chini ya kidevu chake. Ryan aliruka kinyumenyume hadi kwenye kuku wa Bi Barka.

"Aki hii kitu iko na mapepo," alisema alipopata pumzi. "Mimi siendeshi gari ya marehemu yenye inajiwasha. Tafuta mtu mwingine, boss."

Akaondoka kuelekea gatini kwa mwendo wa mtu anayejizuia asikimbie. Bi Barka alimfuata kwa macho, kisha akamgeukia Uthman. "Hata gari lajua mwenyewe ni nani," alisema, akaenda kuwahesabu kuku wake.

Kwa kuwa mapepo yalimshinda, Uthman akaamua kutumia dini. Kesho yake alimleta Maalim Famau, ambaye alikuwa na safari zake za visiwani na alifika Mokowe amechomwa na jua, kilemba kimelowa, na hasira za mtu aliyetolewa botini kabla ya chakula. Walikaa kwenye mkeka uani. Hayat alikaa nyuma ya pazia la mlango. Alijua kwamba maalim akisema neno moja tu, jioni atalala chini ya mashuka ya wageni, na kofia hatashona tena, na kila kitu alichogusa Mahir kitakuwa mikononi mwa watu wasiojua hata kulisafisha chujio.

Uthman alitoa hoja mbili. Kwanza, gari si nyumba, kwani halina msingi. Pili, hata kama ni nyumba, mwenye eda amekatazwa kujipamba, hapaki hina wala manukato, na sasa je, kiyoyozi? Mwanamke gani anaomboleza huku anapulizwa baridi? "Machozi yenyewe si yataganda, maalim," alimaliza, akifurahia sana sentensi yake.

"Na wewe Bi Hayat wasemaje?" maalim akauliza.

"Mimi sina elimu, maalim," Hayat alisema nyuma ya pazia. "Lakini shemeji alipomnyima mume wangu chumba alisema mbele ya wazee kwamba Mahir ana nyumba, na nyumba yake ni gari hini. Wewe ulikuwepo, ukasoma Fatiha. Nauliza tu: ilikuwa nyumba siku ya kunyimwa, imekuwa gari siku ya kutwaliwa? Kama ilikuwa gari tangu mwanzo, basi Mahir alikuwa hana nyumba, na chumba chake Langoni ni haki yake bado. Nipelekeni huko nikakae eda mle, na huyo sultani ahame."

Bwana Uthman alivuta ukosi wa kanzu. Chumba cha Sultani kilikuwa na mtu ndani.

Maalim Famau alipangusa shingo. Alisema kwamba jambo hili lataka kuonwa kwa macho. Bi Barka akaliwasha gari, maalim akavua viatu, akaingia kwa mguu wa kulia, mlango ukafungwa.

Akakagua. Alikagua godoro kwa kulikalia, kisha kwa kulilalia. Alikagua friji, akalikuta lina maji ya baridi, akayakagua maji. Alibisha kioo akaomba birika lichemshwe ili athibitishe suala la umeme, na baada ya chai ya tangawizi akaomba mto. Nje, Bwana Uthman alikaa juani na kanzu yake ya pasi, akisogeza mkeka kukifuata kivuli kilichokuwa kikimkimbia. Adhana ya alasiri ndiyo iliyomtoa maalim ndani, uso umenyooka, ndevu zimekauka, mtu mpya kabisa.

"Ni nyumba," alisema.

"Maalim..."

"Ina paa, ina mlango, ina sitara, mtu analala humo akaamka salama. Nina waumini wangu kule mjini ambao nyumba zao hazina hayo. Na wewe mwenyewe ulishuhudia, Uthman, mbele ya wazee, hatukukulazimisha." Alipangusa tone la chai lililobaki ndevuni. "Ama baridi, pambo ni la kuonwa. Nani amewahi kuiona baridi? Asitoke ila kwa dharura, na asisumbuliwe mpaka eda yake ishe."

"Na gari ikitaka petroli?" Uthman akauliza, akidhani amepata tundu.

Maalim alifikiri. "Mwenye eda hatoki nyumbani. Nyumba ikienda kujaza petroli naye yumo ndani, basi hakutoka."

Uthman alisimama akakung'uta kanzu. Kabla ya kuondoka alisogea karibu na pazia, akasema kwa sauti ya chini, si ya barazani tena. "Eda ina mwisho wake, Bi Hayat. Ikisha, gari ni mirathi. Hapo tutajua nyumba ni ya nani." Hayat alirudi garini akafunga kanga za madirishani. Ushindi wake ulikuwa wa miezi tu, na kila kofia aliyoshika aliona anaishonea siku ya kufukuzwa.

Kisha stima ya Amu ikakatika. Si kule kukatika kwa kawaida kunakomaliza mechi ya mpira. Ilikatika siku nzima, ikarudi kupiga hodi, ikaenda tena. Jenereta ya hoteli ya Bwana Uthman ilikuwa ya vyumba vya wafalme tu. Darini, chini ya makuti yaliyokuwa yakitoa joto la jiko na joto la Mungu kwa pamoja, Bi Aaliya, mama yake, aliamka asubuhi moja akawakandia wageni unga wa mahamri kama kawaida, akaufunika, akavaa buibui, akateremka ngazi, akapanda boti kwenda Mokowe kumpa mkwewe mkono wa rambirambi. Tangu Mahir aoe alikuwa hajawahi kuliona gari lile. Uthman alikuwa amemwambia ni aibu.

Hayat alimfungulia mlango. Kikongwe akaingia akakaa kwenye godoro, akatazama. Aliona rafu ndogo ya mbao ambayo mwanawe aliichonga ili kofia zisipondeke. Aliona ndoano ya tasbihi. Akapitisha kiganja juu ya rafu, kwenda na kurudi, kama anampangusa mtoto jasho.

"Mbona laini hivi," alisema. "Alipokuwa mdogo hakuwa na subira ya msasa."

"Aliipiga msasa siku nne, mama. Nilimwambia basi, hasikii."

Bi Aaliya alilia bila sauti, na Hayat akalia naye, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza kama machozi yameganda. Baadaye bibi aliegemea mto, akasema anafumba macho kidogo tu mpaka boti ya adhuhuri. Aliamka kumekucha, siku ya pili. Alisema hajalala hivyo tangu apandishwe darini. Boti ya asubuhi ikaondoka, na ya mchana, na ya kesho yake. Bi Barka aliagizwa unga, na uani kwake pakaanza kunukia mahamri.

Hotelini kulinukia mambo mengine. Wageni walikuja kwa sababu ya picha za kifungua kinywa cha bibi, na sasa walikuwa wakiandaliwa mkate wa duka. Sultani alihamia hoteli ya jirani. Bwana Uthman akavuka tena, safari hii bila dereva na bila pasi, akafungua mlango wa gari akawakuta wanawake wawili wamekaa wakielekeana, kofia moja katikati, mmoja akishona na mwingine akimtungia uzi.

"Mama, imetosha. Watu wanasema."

"Wanasemaje?"

"Kwamba mamangu mimi anakaa ndani ya gari."

"Ni kweli. Waambie."

"Kama ni mambo ya mirathi," alisema Uthman, akipunguza sauti, "hayo ni yangu na Bi Hayat. Eda ikisha nitaiuza, kila mtu apate chake."

Bi Aaliya aliuma uzi kwa meno machache aliyobakiwa nayo. "Na mimi nilimzaa, Uthman. Katika gari hini nna fungu langu, na mkwe wangu ana lake, na yote mawili tumeyakalia. La kwako ukilitaka, njoo ukate upande wa magurudumu uende nalo."

Hayat aliinamisha uso juu ya kofia. Kwa siku nyingi alikuwa ameishi na hofu moja, na sasa aliitafuta kifuani asiione.

"Mama, tafadhali," Uthman alisema. "Twende nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Langoni. Kwetu."

"Kule ni hoteli, na mimi si mgeni," alisema mama yake. "Hapa nimekuya kwa mwanangu."

Uthman alibaki amesimama, mkono mmoja juu ya mlango ulio wazi, jasho likimchuruzika chini ya kofia. Injini ikaamka.

"Funga mlango," alisema Bi Aaliya. "Baridi inatoka."